Dhahabu ya Misisi

Mwaka 2012 bei ya dhahabu ilikuwa juu kweli, na mimi na shemeji yangu tulikuwa na kaofisi kadogo hapa Arusha, tunanunua kwa wachimbaji wadogo, tunayeyusha, tunauza kwa masonara. Shemeji ndo alimleta yule kaka wa Kikongo. Akatoa kopo la vidonge, ndani punje za dhahabu zimefungwa kwenye nailoni, na karatasi inayosema mzigo umetoka Geita. Nikaishika ile karatasi, wino wa mhuri ukanibaki kidoleni.

Nikamwambia kaka, niambie ukweli, hii umeitoa wapi? Wala hakuficha. Misisi, kule Fizi, Kivu Kusini, akavuka nayo Ziwa Tanganyika mpaka Kigoma. Nikamuuliza na huko shimoni nani anachukua ushuru. "Mama, wenye bunduki. Leo hawa, kesho wale, wote unawapa."

Hapo moyo wangu ukakataa kabisa. Watu wa Fizi wamejaa Nyarugusu kule Kasulu, kambi ya wakimbizi ipo tangu 1996, kuna watoto wamezaliwa humo na wamekulia humo, halafu mimi nikae Arusha natoa hela ambayo sehemu yake inaenda kununua risasi za kuwafukuza ndugu zao waliobaki?

Shemeji akaja juu, eti tusiponunua sisi ananunua mwingine kabla ya jioni, na huyu ana watoto wanataka kula. Hilo la watoto lilinibana, maana Septemba 2010 serikali ya Kongo ilisimamisha uchimbaji Kivu zote mbili na Maniema, ikaja kufungua Machi 2011, na walioumia ni hawa wa sururu, yule kaka akaniambia mwenyewe alivyokaa hana hata hela ya unga. Mwaka huohuo wa 2010 Marekani nao wakapitisha sheria yao ya madini ya migogoro, yaani yale yanayolisha vita, wanunuzi wengi wakaona bora waikimbie Kongo yote, na mimi sikubaliani na hilo hata kidogo. Nikamwambia lete mzigo wenye karatasi za kwenu za kweli, shimo linajulikana, nitakupa bei ya soko. Akanitazama, "Mama, hizo karatasi kule nitapewa na nani?"

Sikuwa na jibu, na sikununua. Akauza mtaa wa pili kwa bei ya kutupa, na mwaka uliofuata mimi na shemeji tukagawana vyombo. Mpaka leo anayeniletea mzigo namuuliza shimo, leseni, na nani anakaa getini, wengine wanaondoka wamenuna.