Kokwa ya Ukwaju

Desemba 2009 umeme ulikatika Unguja yote, na haukurudi hadi Machi 2010. Maji nayo yakakatika, maana pampu haziendi bila ya umeme. Mchana kazi yetu ilikuwa kubeba ndoo. Usiku, baada ya Isha, watu walikimbia joto la vyumbani wakajaa barazani.

Baraza yetu ilikuwa Soko Muhogo, mtaa wa Mji Mkongwe. Wazee walicheza bao na dhumna kwa mwanga wa kandili, muuza kahawa akipita na dele lake. Ami, jirani yetu, ndiye peke yake aliyekuwa na sataranji, yaani chesi. Ubao ulikuwa umepauka, na kitunda kimoja cheupe, kete ndogo ya mbele inayogeuka malkia ikifika mstari wa mwisho, kilipotea siku nyingi, mahali pake pakakaliwa na kokwa ya ukwaju. Kokwa ile iliwahi kugeuka malkia mbele ya macho yangu mara nyingi, na mimi nilikuwa naihishimu kama kete yoyote.

Usiku mmoja Ami hakupanga kete zote 32. Aliweka nne tu, nami nazitaja kwa herufi ya safu, a hadi h, na namba ya mstari, 1 chini hadi 8 juu. Mfalme mweupe h8, pembeni kabisa. Kokwa ya ukwaju c6. Mfalme mweusi a6, na kitunda cheusi h5.

"Nyeupe inaanza, itoke sare," akaniambia. "Fumbo hili kalitunga mchezaji sataranji Richard Réti mwaka 1921. Ndiye aliyemfunga Capablanca kule New York mwaka 1924, na Capablanca ndiye bingwa wa dunia wakati huo. Usimuulize mtu, mwanangu."

Nilikuwa na miaka 16 na nikaona ananionea. Kitunda cheusi kinahitaji hatua nne tu kuwa malkia. Mfalme wangu akikifukuza kwa kushuka moja kwa moja, hakifikii. Yuko nyuma hatua mbili. Akienda kuilinda kokwa yangu, mfalme mweusi anaila mapema. Huku nimechelewa, na kule nimechelewa. Siku tatu nilizunguka na ndoo kichwani huku nikihesabu h7, h6, g5, na kila hesabu iliishia kwenye malkia mweusi. Nilimwambia Ami kuwa sare haipo. Hakunijibu, akanisogezea kikombe cha kahawa.

Usiku wa nne nilikaa na ubao peke yangu, kandili imebaki mafuta kidogo. Nikamsogeza mfalme g7, kwa kukosa pengine pa kumpeleka. Nyeusi h4. Nikamshusha f6. Nyeusi inamleta mfalme wake b6, akaile kokwa. Nikamweka e5, kidole changu bado juu ya kichwa chake, na hapo nikaganda. Kutoka e5 hadi d6 ni hatua moja. Kutoka e5 hadi f4 nako ni hatua moja. Mfalme wangu hakuwa amechagua pa kwenda! Nyeusi ikiila kokwa, nakwenda f4 na kitunda chao nimekidaka. Kikikimbia h3, nakwenda d6, kokwa yangu inafika c7 na kila upande unapata malkia wake. Sare.

Siku zote tatu nilikuwa nikipima ubao kama ninavyopima vichochoro vya mjini, ambako kwenda upande ni kupotea njia. Kwenye sataranji mfalme akienda mshazari hapotezi kitu: h8 hadi e5 ni hatua tatu, na h8 hadi h5 ni hatua tatu vilevile. Moyo ulinienda mbio. Sijapata tena furaha ya namna ile kwa jambo lisiloshikika mkononi.

Nilimkuta Ami anavaa viatu, anataka kwenda kulala. Akavivua. Nikamchezea nyeupe, yeye akashika nyeusi, na alinibana kwelikweli: kitunda chake kilikimbia mapema, mfalme wangu akiwa bado f6. Nikaenda e7. Akafika h2, mimi c7. Mfalme wake akaja b7, wangu akaingia d7, na kokwa ikawa haizuiliki.

Ami alinyamaza kitambo. Kisha akamchukua mfalme mweupe kwa vidole viwili, akamrudisha h8.

"Mpeleke tena," akasema. "Polepole. Nataka kumuona anavyotembea."