Risiti ya Elfu Thelathini

Kitabu cha risiti nilikwenda kukichapisha Unguja. Kurasa mia, nakala ya juu nyeupe, ya chini rangi ya waridi, na juu kabisa jina la yadi yangu, chini yake maneno yaliyonipa raha kila nilipoyasoma: "Magari yaliyotumika. Bredauni saa zote." Na muhuri nikachongesha. Huo ni mwaka 2016, na pale Chake Chake, Pemba, nilijiona nishakuwa mtu.

Yadi yenyewe ilikuwa kiwanja cha kukodi, magari saba chini ya mwembe. Bredauni nayo ilikuwa Canter kuukuu niliyoing'oa bodi, fundi akaichomea mlingoti wa chuma kwa nyuma, akafunga winchi na kulabu. Niliinunua kwa sababu moja tu. Magari yangu yakishushwa bandari ya Mkoani, mengine betri zimekufa, mengine hayawaki kabisa, na kila safari nilikuwa nakodi mtu wa kunivutia mpaka Chake, karibu kilomita 30. Baadaye watu wakajua. Mtu akikwama kwenye vilima vyetu hivi anapiga simu, naenda.

Bima niliikata kwa dakika kumi. Kijana wa wakala alikuja na fomu yake, akauliza gari hili kazi yake nini. Nikamwambia, kuvuta magari yangu kutoka bandarini. Akaandika. Alichouliza nilikijibu, asichouliza sikukisema. Nikalipa ile ndogo, ya mtu wa tatu, inayolipa hasara utakayowatia wengine, stika ikabandikwa kiooni, karatasi nikaitia mtotoni mwa meza. Kuisoma, sikuisoma. Nani anasoma?

Msimu wa karafuu mwaka huohuo, Mwalimu akanipigia. Ni mzee aliyenisomesha skuli, na hata leo nikimwona natamani kuficha mikono. Noah yake imekwama upande wa pili wa Mtambile, gia boksi imekufa na inamwaga mafuta. Nikamwambia, Mwalimu, nakuja, wala usinilipe kitu. Akakasirika. "Kazi ni kazi," akasema, akanitia noti tatu za elfu kumi mkononi. Nami, badala ya kuzitia mfukoni nikanyamaza, nikatoa kitabu changu kipya, nikamwandikia risiti, nikaipiga muhuri juu ya boneti.

Tukainyanyua Noah kwa mbele. Kwa kawaida kulabu peke yake haitoshi, mnafunga na minyororo miwili ya usalama, kulia na kushoto. Siku ile nilikuwa na mmoja. Wa pili nilimwazima jirani aliyekuwa anatoa pampu kisimani, na utingo wangu alinikumbusha kabla hatujaondoka. Nikamwambia twende, si mbali.

Tulikuwa tunapanda kilima. Canter ikaingia kwenye shimo, ikaruka, nikasikia mlio kama wa sufuria iliyoangushwa jikoni. Kwenye kioo cha pembeni nikaiona Noah inarudi kinyumenyume, taratibu kwanza, kama mtu anayeaga. Halafu ikaacha barabara, ikapita juu ya jamvi la karafuu lililoanikwa ukingoni na kujigonga mnazi.

Bi mwenye karafuu alikuwa ameingia ndani kusali adhuhuri. Ningelifika robo saa kabla, angelikuwa palepale amechutama, anazigeuza. Hilo nikilifikiria, mengine yote naona madogo. Alitoka na kanga yake ya kusalia kichwani, akasimama, hakupiga kelele. Alichutama, akaokota konzi moja, akainusa. Zilikuwa zinavuja mafuta ya gia baina ya vidole vyake.

Karafuu Zanzibar wakati ule zilikuwa na mnunuzi mmoja, ZSTC, shirika la biashara la serikali, na karafuu iliyoingia mafuta hata daraja la tatu haipati. Sheha alikuja, trafiki wakaandika yao, tukapima zilizoharibika: kilo 60, na zilikuwa zimebakisha siku moja tu ya jua. Bei ya daraja la kwanza ilikuwa shilingi 14,000 kwa kilo. Piga hesabu mwenyewe. Nami nikamwambia yule Bi mbele ya watu wote, kwa sauti ya mfanyabiashara, "Usiwe na wasiwasi, mama yangu, gari lina bima."

Asesa, mkaguzi wa hasara wa bima, alivuka kutoka Unguja baada ya wiki mbili. Mtu mpole, shati jeupe. Tulikaa ofisini, mimi, utingo na Mwalimu aliyekuja kunishuhudilia. Akaifungua ile karatasi ambayo mimi sikuisoma, akanionyesha mstari kwa kalamu: gari linaruhusiwa kuvuta gari moja bovu, ila si kwa malipo.

"Sasa, bwana, siku ile ulilipwa?"

Utingo akaangalia dari. Wallahi, sijui ningelijibu nini. Nimejiuliza mara nyingi, na sina jibu ninalolipenda. Sikupewa nafasi. Mwalimu, akidhani ananisaidia, akidhani anathibitisha kuwa mwanafunzi wake ni mtu wa kazi halali, alifungua pochi lake na kuiweka mezani ile risiti nyeupe, haijakunjika hata pembe. Muhuri wangu unasomeka wote. Asesa akaipiga picha kwa simu.

Akanifahamisha bila haraka. Lau ningelivuta bure, karafuu zingelikuwa mali ya mtu wa tatu na zingelilipwa. Noah isingelilipwa kwa vyovyote, maana gari likishaning'inia kwenye kulabu yako liko mikononi mwako, na bima ya mtu wa tatu haihesabu kilicho mikononi mwako. Kwa hilo kuna kifungu chake, cha magari unayoyavuta, kinaombwa na kulipiwa mbali. Halafu akachungulia dirishani. "Na haya ya nani?" Manne kati ya yale saba yalikuwa ya watu, wameniletea niwauzie. "Mwembe huu ukianguka leo?" Sikuwa na la kusema. Nilimchukia siku ile. Lakini kijana wa wakala angeliniuliza tangu mwanzo kama navuta na ya wengine, nadhani ningelimdanganya, ili nilipe kidogo.

Niliuza Vitz yangu kwa hasara. Noah ilichukua miezi mitano kutengenezwa, na Mwalimu hakunitajia hata mara moja. Mwaka uliofuata nilikata bima nyingine, yenye kifungu cha kulabu na kifungu cha magari ya watu yaliyo yadini, ikanitoa jasho. Mnyororo niliufuata kwa jirani siku ya pili tu ya ajali.

Pesa za karafuu nilizipeleka mwenyewe, 840,000, sheha akiwepo. Bi alizihesabu mara mbili, akazifunga pindoni mwa kanga, akaniuliza kama na yeye ataandikiwa karatasi au karatasi ni za walimu tu. Kitabu nilikuwa nimekiacha nyumbani.