Timu ikiwa mkiani tulimlipa mtaalamu wa fikra: yaliyotukuta Uyole

Mimi ni katibu wa timu ya ligi ya mkoa hapa Uyole, Mbeya. Jina la timu naliacha, maana waliomo bado tunaishi nao na nitasema mambo yao. Msimu ninaousimulia tulimaliza mzunguko wa kwanza tukiwa na pointi 4 katika mechi 9. Mechi ya tisa tulifungwa 4-0 kwenye tope, mvua ya Januari ikinyesha, na wachezaji wakabadilishia nguo kwenye darasa la shule ya msingi bila mtu kusema neno. Hata kugombana hawakugombana. Hapo ndipo nilipoogopa, kwa sababu timu inayogombana bado inataka kitu.

Jumatatu yake mwenyekiti akaita kikao akasema, "Nimepata mtaalamu."

Anayejua mpira wetu wa mitaani anaelewa neno hilo lilivyopokelewa. Mtaalamu, kwenye timu nyingi, ni yule wa kamati ya ufundi, wa usiku, anayezunguka goli na kuku. Mzee mmoja wa kamati aliuliza moja kwa moja, "Wa Sumbawanga?" Mwenyekiti akasema hapana, huyu ni msomi, anatoka Dar es Salaam, anafundisha uongozi na fikra za ushindi kwenye makampuni na mabenki. Siku mbili, shilingi laki tano, malazi na chakula juu yetu.

Nilipinga, na nilipinga kwa hesabu. Nauli yetu ya mazoezi ilikuwa shilingi 1,000 kwa mchezaji kwa siku, siku tatu kwa wiki, wachezaji 15. Hiyo ni 45,000 kwa wiki. Laki tano ingebeba nauli ya zaidi ya miezi miwili. Kocha naye alipinga kwa njia yake. Yeye ni mtu wa Tukuyu, na mtu wa Tukuyu ukimgusa habari ya mpira lazima akurudishe 1986, Tukuyu Stars walipopanda daraja na kuchukua ubingwa wa Tanzania msimu huohuo. "Nani aliwafundisha fikra wale?" akauliza. Akaongeza Mbeya City, timu iliyoundwa 2011 na halmashauri ya jiji, ikaingia Ligi Kuu msimu wa 2013/14 chini ya Juma Mwambusi na kumaliza ya tatu. Uwanja wa Sokoine ulikuwa unajaa mpaka watu wanapanda miti.

Mwenyekiti hakukosa jibu. Alishasoma. Alituambia kwamba Uingereza walimchukua mwanasaikolojia, Pippa Grange, mwishoni mwa 2017, na Kombe la Dunia la 2018 kule Urusi wakaitoa Kolombia kwa penalti 4-3. Ilikuwa mara yao ya kwanza kushinda kwa penalti kwenye Kombe la Dunia. Kweli tupu. Usiku ule nikakaa na simu yangu nikatafuta zaidi, nikakuta kwamba miaka minne kabla, Brazili 2014, Uingereza hiyohiyo ilikwenda na daktari wa akili mwenye sifa kubwa, Steve Peters, aliyewahi kusaidia timu yao ya baiskeli kupata medali. Wakatolewa kwenye makundi wakiwa na pointi moja. Basi mtaalamu peke yake hatoshi kueleza jambo. Kilichonishika ni kingine: kocha wa 2018, Gareth Southgate, ndiye yuleyule aliyekosa penalti kwenye nusu fainali ya Euro 1996 dhidi ya Ujerumani, Wembley, nchi nzima ikimtazama. Aliyesimama mbele ya vijana wale kuzungumzia hofu ya penalti alikuwa amebeba kosa lake miaka 22, na kila mtu analijua. Wakati ule sikujua kwamba wazo hilo litanirudia mimi mwenyewe.

Tulipiga kura, mwenyekiti akashinda. Hela nyingi ilikuwa yake, ana fuso mbili za viazi.

Mgeni alikuja Ijumaa. Kijana wa miaka arobaini hivi, shati limenyooka, viatu vyeupe ambavyo tope la Uyole lilivimaliza ndani ya nusu saa. Siku ya kwanza alitumia ukumbi wa kanisa. Nasema bila kumvunjia heshima: asubuhi ile haikutusaidia kitu. Alizungumza vizuri, alirusha mikono, akawaambia wachezaji ushindi unaanzia kichwani. Wakaitikia kwa sauti, kama wanavyoitikia watoto shuleni mkaguzi anapoingia. Beki wetu wa kushoto alikuwa amekaa nyuma anasinzia. Yule kijana anapakia viazi sokoni kuanzia saa kumi alfajiri, gunia kwa gunia, halafu anatembea kutoka Igawilo kuja mazoezini. Kichwa chake hakikuwa na tatizo. Mgongo ndio ulikuwa umechoka.

Kisha mgeni akagawa vikaratasi, kila mmoja aandike ndoto yake. Akavikusanya, akawa anavisoma kimya kimoja kimoja. Ligi Kuu. Kucheza Yanga. Kumjengea mama nyumba. Kimoja kilikuwa na neno moja tu: *nauli*.

Alikishika kile kikaratasi kwa muda mrefu. Akakigeuza nyuma kuona kama kuna maelezo, hakuna. Akatutazama sisi viongozi tuliokaa mstari wa mbele, akasema kwa upole, "Wazee wangu, naomba mtupishe."

Tukatoka. Mwenyekiti hakupenda.

Jumamosi mgeni hakuhutubia tena. Aliomba kiti, akakaa chini ya mkaratusi pembeni ya uwanja, akawa anaita mchezaji mmoja mmoja. Mchana akaomba tucheze mechi wenyewe kwa wenyewe, na yeye akashika kalamu. Jioni tukakutana kwa mwenyekiti, mkewe akatuletea chai ya tangawizi. Nilitegemea maneno makubwa. Mgeni akasema ana mawili tu. Kwanza akaniomba daftari la posho.

Ni kaunta buku, jalada la bluu, kona zimeliwa na unyevu. Nimeliandika mwenyewe kwa mkono wangu misimu mitatu: jina, tarehe, kiasi, sahihi. Akafungua kurasa za Novemba na Desemba, akaligeuzia kwangu, akaweka kidole. Kwenye safu ya kiasi, badala ya tarakimu, kulikuwa na neno "atalipwa". Nikahesabu naye. Mara 11 ndani ya miezi miwili, na mara zote 11 ni wachezaji wa hapahapa Uyole na Igawilo. Waliotoka mitaa ya mbali, Mwanjelwa na Soweto, walikuwa wamesaini kila wiki.

Sikuiba hata senti. Hilo niliweza kuapa na nilitaka kuapa palepale. Nilichofanya ni kuona kwamba hela haitoshi, nikawapa wa mbali kwanza kwa sababu hawawezi kutembea, na hawa wa nyumbani nikawaambia kesho. Kesho ikawa wiki, wiki ikawa mwezi. Kwa akili yangu nilikuwa natunza timu. Kwao, katibu alikuwa na watu wake.

"Kwa nini hawakuniambia?" nikauliza.

Mgeni akaniuliza, "Nani anasoma majina ya wanaosafiri Jumamosi?"

Ni mimi.

Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone, na kwa maoni yangu hapo ndipo mtu wa nje anapolipa gharama yake. Mchezaji alimwambia yule mtu kwa sababu Jumapili anapanda basi anaondoka. Hawezi kumpanga wala kumwacha, si mjomba wa mtu, hana fuso. Sisi tulimlipa kwa ajili ya mdomo wake, kumbe kilichokuwa na thamani ni masikio yake. Kocha wetu anajua mpira kuliko yeye mara kumi, lakini kocha yumo ndani ya kitu kilekile ambacho vijana walikuwa wanakiogopa.

La pili lilikuwa la mwenyekiti. Kwenye ile mechi ya wenyewe kwa wenyewe mgeni alikuwa akipiga alama kila mchezaji anapokosea halafu anageuza shingo kutazama kiti cha mwenyekiti. Zilifika alama 23. Mwenyekiti wetu hukaa kwenye kiti cha plastiki katikati ya uwanja, karibu na benchi, na sauti yake inafika barabara ya Tukuyu. Mgeni akamwonyesha karatasi ya zile alama, akasema, "Mzee, wanacheza na wewe, hawachezi na wale wa jezi nyingine." Mwenyekiti akaweka kikombe chini akaingia ndani. Kikao kikaishia hapo.

Mgeni akaondoka na laki tano yake. Sasa kazi ikawa yetu, na sehemu hii ndiyo hasa niliyotaka kuieleza, kwa kuwa timu nyingi huishia pale basi linapoondoka.

La kwangu nililianza Jumatatu jioni. Nilikusanya wachezaji, nikasoma daftari kwa sauti, jina kwa jina, pamoja na kila "atalipwa". Sauti ilinikauka kufika jina la nne. Nikawaomba radhi. Nikasema nauli itakuwa sawa kwa wote, wa Soweto na wa Igawilo, na ikiwa haitoshi itagawanywa ileile iliyopo. Na kila Ijumaa daftari litasomwa mbele ya watu. Kapteni akanyoosha mkono. Nilidhani atadai madeni. Akasema, "Katibu, hela tunajua hakuna. Kinachoumiza ni kuambiwa kesho." Nimelala na sentensi hiyo usiku mwingi.

La mwenyekiti lilikuwa gumu zaidi, kwani bila yeye hatuna hata mipira. Kumpinga kikaoni ingekuwa kumvunjia heshima mtu mzima. Nikamfuata sokoni saa kumi na mbili asubuhi, ukungu bado umelala, vijana wanapakia fuso. Nikamwamkia, nikanunua chai mbili na vitumbua, tukakaa juu ya magunia. Sikutaja alama 23. Nikamweleza nilivyosoma daftari, na nilivyoona aibu, na kwamba usingizi umenirudia kidogo. Akanyamaza. Beki wetu wa kushoto akapita mbele yetu na gunia mgongoni, akamwamkia, "Shikamoo mzee," akaendelea. Mwenyekiti akamfuata kwa macho mpaka alipolitua.

"Huyu anacheza Jumamosi?" akauliza.

"Anacheza."

"Baada ya hii?"

Jumamosi ile alihamisha kiti chake mwenyewe, akakaa nyuma ya goli la mbali, pamoja na mama wauza mahindi. Alipiga kelele bado, lakini haikusikika. Na Ijumaa na Jumamosi akamwondoa yule kijana kwenye upakiaji wa alfajiri, akampa kazi ya kuhesabu magunia mchana. Hilo mtaalamu hakulishauri. Mwenyekiti aliliona mwenyewe.

Mzunguko wa pili tulishinda mechi 3, sare 3, tukapoteza 3. Kwa jumla pointi 16, nafasi ya nane kati ya timu kumi, mbili zikashuka na sisi tukabaki. Siwezi kusema ni kazi ya mgeni. Kipa wetu wa kwanza alipona kidole, na wawili waliokuwa wanatoroka kwenda kucheza ndondo, zile mechi za mtaani za hela, walirudi, ingawa mmoja aliniambia wazi kwamba alirudi kwa sababu ya daftari. Mshambuliaji wetu tegemeo hakurudi kabisa, na hakuna hotuba ambayo ingemrudisha, alikuwa anapata kwa mechi moja ya ndondo kile ambacho sisi hatumpi kwa mwezi. Na fikra peke yake haimbakizi mtu: Ihefu, timu ya Mbarali, waliwafunga Yanga 2-1 kule Ubaruku, Novemba 2022, wakakata mbio za mechi 49 bila kufungwa, na Mbarali nzima ikaimba. Leo timu hiyo haiko Ubaruku tena, ilihamia Singida. Fikra za ushindi walikuwa nazo.

Kwa hiyo mtu akiniuliza kama timu inayozama imlete mtaalamu wa nje, namwambia mlete, lakini msimlipe kwa hotuba. Akae na wachezaji kwanza, viongozi wasiwepo. Atakayosema yaandikwe, na kila neno liwe na jina la kiongozi mbele yake. Nusu ya malipo ibaki mpaka arudi baada ya mwezi. Sisi hatukufanya hivyo, tulimlipa yote. Bahati yetu alikuwa mtu wa kweli, na baada ya wiki sita alinipigia mwenyewe. Hakuuliza matokeo. Aliuliza kama daftari bado linasomwa.

Mwezi uliopita katibu wa timu moja ya Makambako, nao wako mkiani, aliniomba namba yake. Nikampa. Kisha nikamuuliza daftari la posho kwao anashika nani. Akasita, akasema ni yeye. Nikamwambia aje Ijumaa saa kumi jioni, ndio muda tunaosoma la kwetu, na alibebe la kwake.