Nilivyofundisha uainishaji wa maada kwa chumvi ya majaruba, Lindi

Mada hii ya kidato cha kwanza siianzi tena na mchoro wa matawi ubaoni. Naanza na chumvi ya mawe kutoka majaruba ya hapa Lindi, yaani vidimbwi vya kukaushia maji ya bahari, nikiichanganya na vitu vingine, na swali moja: kutenganisha vilivyomo utafanya nini?

Nachanganya gramu 20 za chumvi, gramu 20 za mchanga mkavu wa pwani na kijiko cha unga wa chuma kutoka kwa fundi wa kuchomelea. Sumaku hutangulia, imevingirishwa karatasi ili unga ubanduke kirahisi. Ukitanguliza maji, chuma kitaanza kushika kutu, na kutu ni kitu kingine kabisa. Kisha mililita 100 za maji. Kiasi hicho huyeyusha gramu 36 hivi za chumvi, kwa hiyo 20 huisha zote. Wengi humimina nusu lita, wakachemsha mpaka kipindi kinakwisha. Chuja, halafu suuza mchanga mara mbili kwa maji kidogo. Usiposuuza, uzito wa chumvi hautimii. Chemsha maji yaliyochujika kwenye bakuli. Punje za chumvi zikianza kurukaruka, ondoa moto, joto lililobaki litamalizia.

Hakuna kilichogeuka kitu kipya, basi ule ulikuwa mchanganyiko. Wanafunzi huteleza kwenye maji ya chumvi: kwa kuwa hawaoni sehemu zake, huyaita kampaundi, yaani elementi zilizoungana kikemia kuwa kitu kimoja. Nawakumbusha Ghuba ya Lindi: Mto Lukuledi ukifurika, maji ya pale hupungua chumvi, na bado ni maji ya chumvi. Kampaundi haibadiliki hivyo. Sodiamu kloraidi ni sodiamu moja kwa klorini moja popote ilipo, na kuiachanisha ni kuiyeyusha kwenye nyuzi 801 za sentigredi na kuipitishia umeme.

Ila chumvi ya majaruba usiitumie kama mfano wa kampaundi safi. Iache kwenye kisahani usiku mmoja wa masika, asubuhi utaikuta imetoa majimaji pembeni. Ina magnesiamu kloraidi, nayo hufyonza unyevu wa hewani. Tumia ya maabara.

Kwa elementi, kitu chenye aina moja tu ya atomu, napenda kinywe (grafiti) cha Ruangwa. Magamba yake ya kijivu yanayong'aa, yanayoacha weusi vidoleni, ni kaboni. Jiwe lililoyabeba ni mchanganyiko, na daftarini naandikisha mistari miwili: mmoja wa jiwe, mmoja wa magamba.