Redio Yenye Haraka

Mwaka 2012, Bukavu, tulikuwa tunarusha intaneti kwa Wi-Fi kuvuka Ziwa Kivu, kutoka paa moja la mtaa wa Muhumba mpaka kisiwa cha Idjwi, zaidi ya kilomita 20 juu ya maji. Antena zilionana vizuri, taa za kijani zote zinawaka, lakini picha ndogo tu ilitambaa, ikifika nusu inakatika.

Nilipanda mlingoti mara tatu. Nikainamisha antena, nikaiinua, nikakaza boliti upya, jua likinichoma shingo. Mwishowe mzee wetu wa kazi, ambaye miaka mingi alikuwa akifunga VSAT, yaani madishi ya intaneti ya satelaiti, akaniita nishuke.

“Papa, sinyali iko muzuri, lakini hakuna kitu inapita.”

“Mutoto wangu, ulihesabu mawimbi inatumia muda gani kwenda na kurudi?”

Wapi! Wi-Fi ilibuniwa kwa nyumba na ofisi. Redio ikituma pakiti, yaani kipande kidogo cha data, hungoja “nimepokea” kwa mikrosekunde chache. Jibu likichelewa, hudhani pakiti imepotea na kuituma tena. Mawimbi hukimbia mita 300 kwa mikrosekunde moja, kwa hiyo Idjwi kwenda na kurudi ni zaidi ya mikrosekunde 130. Majibu yalikuwa yanafika, ila redio yetu ilishachoka kungoja. Papa akafungua mipangilio, penye umbali wa kilomita akafuta 1, akaandika 25. Picha ikapita. Mimi na boliti zangu!

Tukala sambaza, samaki wadogo wa ziwa, palepale juu ya paa. Akaniambia satelaiti ya VSAT iko kilomita 35,786 juu ya ikweta, na jibu huchukua karibu nusu sekunde. Basi modemu huidanganya kompyuta, inasema “nimepokea” kabla data haijafika kokote. Mwezini ni sekunde mbili na nusu. Mars ikiwa mbali kabisa, zaidi ya dakika 40, na huko uongo huo hausaidii: kila kituo hutunza ujumbe mpaka njia ifunguke. “Ni kama barua ya Idjwi. Unamupatia mwenye boti, yeye anaichunga mpaka boti itoke.”

Machi 2025 nikasoma kwamba sanduku la 4G la Nokia limefika mwezini. Lilikusudiwa kuunganisha chombo kilicholibeba na vigari vyake vya jirani, si kufika duniani. Chombo kikalala ubavu, sanduku likapata umeme kwa dakika 25 hivi. Nikamtumia Papa habari hiyo WhatsApp.

Akajibu: “Umbali waliandika ngapi?”