Kutia bildi bila kulowesha uzi: transdusa ndani ya kayaki

Kayaki yangu ni ya plastiki ya polithini, ya kukaliwa juu, nami huishusha katika hori ya Tudor, hapa Mombasa, maji yanapojaa, nikazunguka taratibu hadi mbele ya Mji wa Kale nikitafuta changu na tewa. Kwa miaka kadhaa kina nilikipima kwa bildi ya kujitengenezea, yaani chubwi la risasi kwenye uzi wenye fundo kila pima moja. Nilipopata mashine ndogo ya kutafutia samaki, kazi iliyobaki ilikuwa kuamua transdusa ikae wapi, kile kidude kinachotoa mlio usiosikika na kuusubiri urudi.

Kuifunga nje ni rahisi, lakini kayaki ya Mombasa haiishi majini peke yake. Maji yakipwa hukokotwa juu ya mchanga na mawe ya matumbawe, na chochote kilichojitokeza chini ya tumbo lake hung'oka siku hiyo hiyo. Kutoboa sikutaka hata kukufikiria. Nilipomweleza fundi mmoja wa madau kwamba nataka kuiweka ndani, ipige sauti kupitia plastiki, alicheka akaniuliza, "Sasa mwanangu, wataka kutia bildi bila kulowesha uzi?"

Jibu ni kwamba inawezekana, kwa sababu plastiki ngumu isiyo na povu ndani yake haitofautiani sana na maji katika namna inavyopitisha sauti. Adui ni hewa. Sauti husafiri katika maji ya bahari kwa takriban mita 1,500 kwa sekunde, na katika hewa kwa mita 340 tu, na hewa yenyewe ni nyepesi mno ikilinganishwa na maji; kwa hiyo mlio ukikutana na utando wa hewa, hata mwembamba kama karatasi, karibu wote hurudi ulikotoka. Kayaki yenye kuta mbili zilizojazwa povu haifai kabisa kwa kazi hii.

Hilo nililijua kwa kusoma, na bado nilikosea. Mara ya kwanza nilimimina silikoni nyingi, nikaikandamiza transdusa juu yake na kuiacha ikauke siku mbili. Nilipofika majini, kioo kilionyesha vizuri penye pima mbili, kisha kikapotea kila nilipoingia penye kina. Nilipoibandua nilikuta viputo viwili vikubwa katikati kabisa, mahali ambapo mlio ulipaswa kupita. Wala haikuwa kazi ngumu kuibandua, maana polithini haishikani vyema na gundi yoyote, na kayaki inayoanikwa juani hutanuka mchana na kusinyaa usiku hadi gundi inaachia yenyewe.

Mara ya pili niliachana na wazo la kuigandisha. Nilichukua kandambili kuukuu, ambazo pwani yetu haina uhaba nazo, nikakata kutoka katika soli yake pete nene inayoizunguka transdusa bila kuibana. Sehemu ya ndani ya tumbo niliikwaruza kwa msasa, nikaifuta kwa spiriti, kisha nikaibandika pete hiyo kwa silikoni ili iwe kama kisima kidogo. Transdusa hukaa ndani ya kisima hicho, ikizuiwa kwa mkanda isitikisike, nami humwagia maji safi mpaka uso wake wote uzame. Gundi sasa inashika pete tu. Kazi ya kupitisha sauti inafanywa na maji. Ikiachia kidogo pembeni, naibandika upya bila kupoteza chochote. Kabla ya kutoka hupitisha kidole chini ya transdusa ili kufukuza viputo, na siku ya mawimbi hutumia mafuta ya mgando badala ya maji kwa kuwa hayamwagiki.

Mahali nilipopachagua ni bapa, karibu na kiti, mbali na matundu ya kutolea maji. Kulala sawa ni jambo la lazima. Mlio wa kilohezi 200 kwenye mashine nyingi hutanuka kwa umbo la pia lenye nyuzi 20 hivi, na penye kina cha mita 15 huangaza duara la mita tano chini. Transdusa ikiinama nyuzi 10 tu, duara hilo husogea zaidi ya mita mbili na nusu, ukawa unamwona samaki ambaye hayuko chini yako. Kwa hiyo niliipima kwa timazi ya maji kayaki ikiwa imeelea na mimi nimeketi, kwa sababu uzito wangu huinamisha nyuma.

Kabla ya kubandika chochote, nilifanya jaribio ambalo ningemshauri kila mtu alifanye. Nilining'iniza transdusa ubavuni ndani ya maji nikasoma kina, kisha nikaiweka ndani juu ya mfuko wa plastiki uliojaa maji, mfuko ukigusa tumbo barabara, nikasoma tena. Sehemu ambayo vipimo hivyo viwili vilikaribiana na bildi ndiyo niliyoiwekea alama kwa kalamu.

Kuna vilivyopotea. Picha za pembeni, zinazotumia milio ya masafa ya juu zaidi, hazipiti vizuri katika plastiki, na mwenye kuzihitaji hana budi kuweka transdusa nje. Kipimajoto nacho kimekuwa kichekesho, kwa sababu kinapima joto la kisima changu cha kandambili: asubuhi hudanganya kidogo, na ikifika saa saba mchana husema bahari ya Tudor ina nyuzi 38.