EVE Online: kamanda ana sauti, mwenye funguo ndo ana nchi

Ukiniuliza kwenye EVE Online, lile gemu la mtandaoni la vita vya meli za anga, nani ana nguvu kweli, wengi watakwambia FC, yule jamaa wa kuongoza vita, anashika maiki anataja jina la meli ya adui na mamia ya watu wanaifyatulia kwa pamoja, ukipiga stori wakati anaongea utatukanwa mpaka ujute. Sawa, ni mkubwa, ila ubosi wake unaishia hapohapo vita ikiisha. Siasa iko kwa walioshika ruhusa na hela za muungano wa wachezaji. Mwaka 2009 Band of Brothers, wababe wa gemu enzi hizo, wamevunjwa na mtu mmoja tu, mmoja wa viongozi wao alihamia kwa maadui zao GoonSwarm na kwa kuwa alikuwa na ruhusa za juu akabonyeza akaufuta muungano mzima, jina likaenda na maeneo yakabaki hayana mwenyewe. Mi huwa nacheka kila nikikumbuka. Afu Januari 2014 kule B-R5RB, mfumo mmoja wa nyota ndani ya gemu, bili ya kumiliki eneo haikulipwa, ikazuka vita ya masaa karibu 21, Titan 75, zile meli kubwa kuliko zote, zikateketea, yani makamanda wamekesha kupigana kisa bili jamani!